Je, Msaada wa Nchi Tajiri Waweza Kuwazuia Watu Wasihame?

Ndugu mkulima, bila shaka umesikia redioni habari za vijana wanaozama katika bahari ya Mediterania wakijaribu kufika Ulaya, na za wengine wanaokufa kwa kiu katika jangwa lililo mpakani mwa Mexico na Marekani. Na kila mara baada ya habari kama hizo, husikika wakubwa wa nchi tajiri wakisema kwamba dawa ni moja: watu hawa wasaidiwe huko huko kwao, wapate kazi na chakula, nao hawatakuwa na haja ya kuhama. Maneno hayo ni matamu, tena yaonekana kuwa na akili. Mtu aliyeshiba kwake ataacha nyumba yake afuate nini?

Leo nataka tuyapime maneno hayo, mimi na wewe, kama karani anavyopima maziwa yako kabla ya kuyapokea. Usidhani kuwa jambo hili liko mbali nawe. Ikiwa skimu yako ni mojawapo ya zile za kwanza, shamba unalolima lilinunuliwa kwa fedha zilizotoka nje. Na pengine hivi sasa, unaposoma gazeti hili, yuko kijana nyumbani kwako mwenye pasipoti mfukoni, naye anakuomba uuze ng'ombe mmoja au ukate nusu ekari ili apate nauli.

FEDHA ZILIZONUNUA SHAMBA LAKO

Wazee waliokuja kwanza wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 1962 ilianza skimu kubwa iliyoitwa ya Ekari Milioni. Serikali ya Uingereza ilitoa fedha, nyingine zikiwa zawadi na nyingine mkopo. Benki ya Dunia ilikopesha, shirika la CDC la Uingereza likakopesha, na Ujerumani ya Magharibi ikatia mkono wake. Mashamba makubwa ya Wazungu yakanunuliwa na kugawanywa, na kufikia mwaka 1970 hivi familia zipatazo 35,000 zilikuwa zimepata makao katika eneo la zaidi ya ekari milioni moja. Mkulima alikopeshwa bei ya ardhi ailipe kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6½, akakopeshwa na fedha nyingine za kununulia ng'ombe wa gredi, waya na mbegu. Deni lile lilikuwa zito, na wako waliolibeba mpaka kaburini. Nasema hivi ili usifikiri kuwa kila kitu kiitwacho msaada ni cha bure.

Sasa tazama jambo moja ambalo halisemwi sana. Fedha zile zilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwapa makao watu wasio na ardhi. Kazi ya pili ilikuwa kumlipa Mzungu mwenye shamba aliyetaka kuondoka. Alilipwa, akafunga mizigo yake, akaenda zake. Huyu Uingereza, huyu Afrika Kusini, huyu Rhodesia, huyu Australia. Kwa hiyo shilingi ile ile ilimpa mtu mmoja mahali pa kukaa, ikampa na mwingine nauli ya kuondoka. Na huyo aliyehama hakuhama kwa njaa. Alihama kwa sababu aliiogopa kesho, na kwa sababu alikuwa na hundi mkononi. Liweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

Na wale waliopewa mashamba je? Wao walikaa. Hilo lazima tulikubali wazi. Mtu aliyepata shamba lake Kinangop, Sotik au Lugari hakwenda tena kulala mlangoni pa mwajiri mjini. Hapo msaada ulifanya kazi yake.

Lakini watoto wao hawakukaa, ama si wote. Maziwa na pareto yalilipa karo, na kijana aliyemaliza shule hakuona tena kuwa jembe lamtosha. Mwaka 1962 mji wa Nairobi ulikuwa na watu kama 267,000. Mwaka 1969 walihesabiwa kama 509,000, ingawa ni kweli kwamba mipaka ya mji ilikuwa imepanuliwa katikati ya hesabu hizo mbili. Katika hesabu ya mwaka 2019 walizidi milioni 4.3. Watu hao hawakushuka kutoka mawinguni. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa wakulima kama wewe.

Mwaka 1964 Serikali iliona mjini pamejaa watu wasio na kazi, ikafanya mapatano na waajiri pamoja na vyama vya wafanyakazi. Waajiri wakubali kuongeza watu kazini, na vyama viache kudai nyongeza ya mishahara kwa muda. Ulikuwa mpango mwema. Watu wakatangaziwa wajiandikishe. Unajua walijiandikisha wangapi? Zaidi ya 200,000. Habari za kazi zilipofika vijijini, hata yule aliyekuwa akipalilia mahindi yake kwa amani alitupa jembe akashika njia. Kazi zilizopatikana zilikuwa sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo.

Wataalamu wawili walioyachunguza mambo ya ajira ya Kenya wakati ule, John Harris na Michael Todaro, walieleza jambo hilo katika maandiko yao ya mwaka 1970, ambayo hata leo husomwa vyuoni. Walisema hivi: mtu anayehama hapimi mshahara alio nao leo, hupima mshahara anaoutumaini. Ukiongeza kazi 100 mjini bila kutengeneza mambo ya shambani, watakuja zaidi ya 100 kuzitafuta, nawe utabaki na watu wengi wasio na kazi kuliko mwanzo. Lakini nawe, ndugu mkulima, ulikuwa ukilijua hilo kabla ya kuandikwa, kwa sababu ulimwona kijana wako akiondoka.

MWENYE NAULI

Nilisimama siku moja mahali pa kupokelea maziwa katika skimu moja ya Nyandarua, nikazungumza na mzee mmoja ambaye mwanawe yuko nchi za Ghuba. Nilimwuliza, "Mzee, kijana alikwenda lini? Ni mwaka ule wa ukame?"

Akanicheka. "Mwaka wa ukame angekwenda kwa nini, mwanangu? Mwaka wa ukame tulikaa sote hapa tukatazamana. Alikwenda mwaka ule viazi vilipotoka vizuri, na bei ikawa nzuri. Hapo ndipo tulipata fedha za pasipoti na za ndege."

Katika maneno ya mzee huyo mna hoja yote ambayo wataalamu wameiandika kwa vitabu vingi. Maskini kabisa hahami mbali. Atahama kutoka kijiji hiki kwenda kile, au atakimbia vita akiwa amebeba mtoto mgongoni mpaka nchi ya jirani. Na ndiyo sababu wakimbizi wengi wa dunia wako katika nchi zinazopakana na kwao, wala hawako Ulaya. Lakini kwenda mbali kunataka fedha, kunataka shule, kunataka kujua lugha, kunataka ndugu aliyetangulia wa kukupokea. Vyote hivyo huja hali ya nyumbani ikianza kuwa nzuri kidogo. Si nzuri sana, kidogo tu.

Michael Clemens, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, alipanga nchi za dunia kwa kadiri ya mapato yake, akatazama watu wake wangapi wanaishi nje. Aliona kwamba nchi ikitoka katika umaskini mkubwa, wanaohama huongezeka. Huendelea kuongezeka mpaka pato la mtu mmoja lifikie kama dola 10,000 kwa mwaka, ukihesabu kwa nguvu ya fedha katika bei za nyumbani. Hapo ndipo huanza kupungua. Kenya bado iko chini ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba kama hesabu hiyo ni sawa, mafanikio yetu ya miaka ijayo yatawatoa vijana wengi zaidi kabla ya kuanza kuwarudisha.

Nimesema "kama", kwa sababu si wataalamu wote wanaokubali. Wengine wawili wa mji wa Kiel huko Ujerumani wamesema kuwa si haki kulinganisha nchi maskini na nchi tajiri kana kwamba ni mtu mmoja katika umri mbalimbali. Walifuata nchi moja moja mwaka hadi mwaka, nao waliona kuwa uchumi wa nchi maskini ukikua, wanaohamia nchi tajiri hupungua, wala hawaongezeki. Yatupasa kuyasikia na hayo. Mwenyewe nadhani pande zote mbili zimeshika sehemu ya kweli, maana mwaka mmoja mwema waweza kumtuliza mtu, na miaka ishirini ya shule ikamwondoa mwanawe.

MAHINDI YA MEXICO

Mpaka hapa nimesema zaidi juu yetu wenyewe. Twende sasa Mexico, kwa kuwa hakuna nchi ambayo jambo hili limejaribiwa kwa uwazi zaidi, tena kwa wakulima wa mahindi. Jua kwamba mahindi unayopanda asili yake ni huko. Watu wa Mexico waliyafuga kutoka kwa nyasi ya porini miaka kama 9,000 iliyopita.

Kwa muda mrefu Wamexico wamekuwa wakienda kufanya kazi Marekani. Kati ya mwaka 1942 na 1964 walikwenda kwa mkataba wa serikali mbili, wavune matunda na pamba na kurudi. Mkataba ulipokwisha, kazi haikwisha, basi watu waliendelea kuvuka bila karatasi. Mwaka 1986 wabunge wa Marekani waliunda tume ya kuchunguza kama maendeleo ya Mexico na nchi jirani yangeweza kuwazuia. Tume hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1990, na jibu lake lilikuwa la kweli ingawa halikuwafurahisha wote: ndiyo, maendeleo ndiyo dawa ya mwisho, lakini kwa miaka mingi ya mwanzo yataongeza wahamaji badala ya kuwapunguza.

Wakubwa hawapendi dawa inayozidisha homa kabla ya kuishusha. Januari 1, 1994, mkataba wa biashara baina ya Marekani, Canada na Mexico ulianza kufanya kazi, na wananchi wa Marekani waliambiwa kuwa sasa Mexico itauza bidhaa zake nje badala ya kutoa watu wake. Nini kilitokea? Mahindi ya Marekani, ambayo mkulima wake husaidiwa na serikali yake, yaliingia Mexico kwa wingi na bei ikashuka. Mkulima mdogo wa milimani, mwenye ekari chache na nyumbu mmoja, alishindwa. Mwishoni mwa mwaka 1994 fedha ya Mexico nayo ikaanguka vibaya, hata Marekani na Shirika la Fedha la Kimataifa zikalazimika kuikopesha mabilioni ya dola ili isizame. Viwanda vipya kule mpakani viliwaita vijana kutoka vijijini, na kijana akishafika mpakani, Marekani aiona kwa macho.

Mwaka 1990 watu waliozaliwa Mexico na kuishi Marekani walikuwa kama milioni 4.3. Mwaka 2000 walikuwa kama milioni 9.2. Kufikia mwaka 2007 walipita milioni 12.

Katikati ya miaka hiyo, yaani mwaka 1997, Serikali ya Mexico ilianza mpango mzuri sana wa kuwapa akina mama wa vijijini fedha kidogo kila miezi miwili, kwa masharti kwamba watoto wao waende shule na kupimwa afya. Watoto walisoma zaidi. Mpango huo ulisifiwa, ukaigwa na nchi nyingi. Lakini mtafiti mmoja, Manuela Angelucci, alipowafuata watu wa vijiji vile aliona kuwa nyumba zilizopata fedha hizo zilituma watu Marekani zaidi kuliko zile ambazo hazijapata. Fedha yenyewe haikutosha nauli. Lakini mwenye kukopesha, akijua kuwa mama fulani atapokea fedha kila miezi miwili, humkopesha bila hofu. Si tofauti na ushirika wako unavyokukopesha kwa sababu unaleta maziwa kila asubuhi.

Je, msaada ule ulikuwa mbaya? Hata kidogo. Watoto walisoma. Lakini kama ungeupima kwa kuhesabu watu mpakani, ungeufunga.

Na mwisho wake? Baada ya mwaka 2007 Wamexico walioko Marekani waliacha kuongezeka, kisha wakapungua. Sababu zilikuwa nyingi: kazi za kujenga nyumba Marekani zilikwisha kwa ule uchumi mbaya wa mwaka 2008, mpaka ukalindwa zaidi, na shule za Mexico zikawa bora. Lakini sababu moja kubwa ni ya nyumbani kabisa. Mwaka 1970 mama wa Mexico alikuwa akizaa watoto karibu saba. Miaka arobaini baadaye walikuwa wawili na kitu. Baba mwenye wana wawili wa kugawia shamba hana haja ya kumtuma wa tano ng'ambo. Hayo hayakuletwa na msaada wa mwaka mmoja wala mitano.

Korea ya Kusini nayo ilipita njia hiyo hiyo. Baada ya vita vyake vya miaka ya 1950 ilipokea msaada mwingi kutoka Marekani, na bado kuanzia mwaka 1963 ilituma Ujerumani ya Magharibi wachimba makaa karibu 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000, na maelfu mengi wakahamia Marekani. Leo Korea hutoa msaada, na tangu mwaka 2004 huwapa watu wa nchi nyingine za Asia ruhusa maalum ya kuja kufanya kazi katika viwanda na mashamba yake. Lakini hesabu miaka iliyopita katikati.

FEDHA ZA VALLETTA

Pamoja na mifano hiyo, mwezi wa Novemba 2015 wakubwa wa Ulaya walikutana na viongozi wa Afrika mjini Valletta, katika kisiwa cha Malta, wakaanzisha mfuko maalum wa kuondoa sababu za watu kuhama. Ulianza na Euro bilioni 1.8, ukafika kama bilioni 5, na nchi 26 za Afrika zilihusika, Kenya ikiwemo. Fedha zile zilichimba visima, zikafundisha vijana ufundi, na nyingine zikaenda kwa walinzi wa mipaka. Wakaguzi wa hesabu wa Ulaya wenyewe waliandika mwaka 2018, na tena mwaka 2024, kwamba fedha zilitapanywa juu ya mambo mengi mno bila shabaha iliyo wazi.

Nami nina lawama nyingine. Ukimpa mtu kisima kwa sharti la moyoni kwamba mwanawe asipande meli, siku mwana akipanda meli utasema kisima hakina faida. Msaada uliojengwa juu ya hofu ya wahamaji hukatwa hofu ikiisha, na hukatwa vilevile hofu ikizidi. Mwaka 2025 tuliona Marekani ikilifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa limefanya kazi tangu mwaka 1961, na wengi wetu tulijua zahanati iliyopungukiwa.

Tena mkono mmoja usitoe huku mwingine ukipokonya. Mwaka 2003, katika mkutano wa biashara ya dunia mjini Cancún, nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zililalamika kwamba pamba ya wakulima wao inapoteza bei kwa sababu nchi tajiri huwalipa wakulima wao kulima pamba nyingi. Hazikuomba msaada. Ziliomba bei. Mkulima akisoma hayo ataelewa upesi kuliko profesa.

MRADI UKIJA KATIKA SKIMU YENU

Hata hivyo lipo jambo la kukupa moyo. Mwaka 2018 watafiti wawili, Jonas Gamso na Farhod Yuldashev, walitenganisha msaada wa vijijini na msaada wa mijini. Waliona kwamba pale msaada ulipokwenda vijijini na kwenye kilimo, kuhama kwenda nje kulipungua kidogo. Ule wa mijini haukuonyesha hivyo. Si kwamba vijana wote walikaa. Lakini baina ya kuondoka na kukaa, wako wachache walioona kukaa kwafaa.

Kwa hiyo mradi ukija kwenu, wa serikali ya nje au wa shirika lolote, usiulize kwanza watatoa semina ngapi wala fulana za rangi gani. Uliza: je, barabara itapitika mwezi wa Aprili gari la maziwa likija? Mtambo wa kupoza maziwa utakuwa mali ya nani wakiondoka? Fedha ya mazao itafika mkononi mwa mkulima kwa siku ngapi? Chai ya wakulima wadogo ilipoanzishwa, fedha za CDC na za Benki ya Dunia zilikwenda kwenye barabara, vitalu na viwanda, na shirika la KTDA lililoundwa mwaka 1964 likakusanya majani kutoka kwa mkulima hata mwenye ekari moja. Hakuna aliyesema kuwa chai ile ni ya kuzuia watu wasihame. Ilikuwa ya kumpa mtu fedha za kila mwezi, naye akafanya nazo alivyotaka. Mmoja alijenga nyumba ya mawe. Mwingine alimpeleka binti yake chuo cha uuguzi, na binti yuko Uingereza.

Na binti huyo si hasara. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 hivi, kupita fedha zote tulizopata kwa kuuza chai. Ukitazama nchi maskini na za kati za dunia kwa jumla, mwaka 2023 zilipokea zaidi ya dola bilioni 600 kutoka kwa watu wake walioko nje, na msaada wote uliotolewa na serikali za nchi tajiri mwaka huo ulikuwa kama bilioni 220. Fedha za jamaa haziji na wageni wa kukagua. Huingia kwenye simu ya mama, naye hununua chakula cha ng'ombe.

Sisemi kuwa kuhama ni kwema siku zote. Uliza wazazi walioletewa jeneza kutoka uwanja wa ndege. Uliza waliouza ekari mbili kwa sababu ya wakala aliyefunga ofisi usiku. Nasema tu kwamba msaada na kuhama ni vitu viwili, na mtu akikuahidi kwamba kimoja kitakifuta kingine, mwambie atazame Mexico.

Sasa turudi kwa yule kijana mwenye pasipoti. Kabla ya kuuza chochote, taka kujua kampuni inayompeleka. Kwa sheria, kila kampuni ya kupeleka watu kazini ng'ambo lazima iandikishwe na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, nayo Mamlaka hutangaza orodha ya zilizokubaliwa. Linganisha jina herufi kwa herufi, kwa maana matapeli hupenda jina linalofanana. Mkataba usomwe nyumbani, mbele ya watu wawili, katika lugha ambayo kijana anaielewa, na uonyeshe mshahara, saa za kazi, na nani atalipa nauli ya kurudi. Nakala moja ibaki kwako. Hati ya shamba isiwekwe rehani kwa wakala kwa njia yoyote. Kama ni lazima kukopa, kopa kwa ushirika, juu ya maziwa.

Yule mzee wa Nyandarua aliniambia kuwa mwanawe alipiga simu wiki ile, naye hakuuliza habari za siasa wala za mpira. Aliuliza bei ya lita moja ya maziwa, na kama ile ekari ya karibu na mto imelimwa. Mzee akamwambia haijalimwa. "Basi usimkodishe mtu," kijana akasema.